Shusheni Busta, Pandisheni Antena

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za mchana. Ahsanteni kwa kuja na wingu hili lilivyotanda mlimani. Nimepewa dakika 40, na wanaonifahamu hapa Majengo, Moshi, wanajua tayari nitakachosema: TV ikikosa picha, tazama antena na kebo kabla ya kulaumu king'amuzi. Nimekisema dukani kwangu na nimekisema kwenye daladala. Leo nakisema tena kwa sababu wiki hii nimeletewa ving'amuzi saba vitengenezwe. Nimevifungulia mezani kimoja kimoja. Sita vizima! Havina ugonjwa wowote. Wenyewe walikuwa tayari kulipa, na wawili walishaanza kuulizia bei ya vipya.

Ndugu zangu, mnatibu jino na anayeumwa ni mguu.

Zamani, kabla mitambo ya analojia haijazimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012 na huku kwetu mwaka 2013, picha mbovu ilijitangaza yenyewe. Chenga. Unaangalia mpira, namba ya mchezaji huisomi, lakini mpira unauona, na unajua kabisa antena imegeuka, unamtuma mtoto nje akaizungushe huku unapiga kelele dirishani, "Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Dijitali haikupi onyo hilo. Mawimbi yanapungua leo, yanapungua kesho, picha bado ni safi kama kioo, kwa sababu king'amuzi kinasahihisha makosa kimya kimya. Siku yanapofika ukingoni, picha inakatika vipande, inaganda, kisha kioo cheusi. Jana ilionyesha, leo haionyeshi. Basi mtu anasema king'amuzi kimekufa. Hakijafa. Kina njaa.

Niwape habari ya mama mmoja wa Kibosho. Nimeisimulia mara nyingi na nitaendelea kuisimulia. Mama yule alinunua king'amuzi, kikaonyesha miezi minne, masika yakaingia, kikaacha. Akanunua cha pili. Kikaonyesha kiangazi, masika mengine kikaacha. Akauziwa busta, kile kidude cha kukuza mawimbi. Akauziwa busta ya pili, kubwa zaidi. Akanunua king'amuzi cha tatu. Fedha za ndizi hizo, za mama anayeteremka na mikungu mpaka Mbuyuni. Mwisho kijana wake akanipigia, nikapanda.

Sikuwasha TV kwanza. Nilizunguka nyumba nikiangalia juu, na hapo nusu ya kazi ikawa imekwisha. Antena ilikuwa imefungwa kwenye mrunda uliozidi paa kwa kimo cha mtoto. Mbele yake migomba. Nyuma ya migomba, mti mkubwa wa mgrevilea. Na antena yenyewe ilikuwa imegeuzwa: upande wa vyuma virefu ndio ulioelekezwa kwenye mnara, ule wa vyuma vifupi unatazama mlimani. Vijana, hili lishikeni. Antena ile ya mgongo na mbavu ilibuniwa na Wajapani wawili, Yagi na Uda, miaka ya 1920, na kazi yake haijabadilika tangu hapo. Chuma cha nyuma, kilicho kirefu, kinarudisha mawimbi mbele. Kinachofuata ndicho kinachonyonya, hicho ndicho kinachofungwa kebo. Hivi vifupi vya mbele vinayakusanya na kuyaelekeza. Ncha yenye vyuma vifupi itazame mnara. Ukiigeuza unaomba mawimbi yaje kwa mlango wa uani.

Nikamwuliza mama, kebo inapita wapi? Akanionyesha. Imetoka juu, imeshuka ukutani, ikapita dirishani moja kwa moja. Katikati ilikuwa na kiungo: waya umesokotwa kwa waya kwa vidole, ukafungwa mfuko wa nailoni, juu yake tepu iliyokwisha kukauka na kubanduka. Nikaifungua ile nailoni. Shaba ya ndani ilikuwa imegeuka kijani kama mchicha. Nikashuka mpaka dirishani, nikakata kebo kwa koleo, nikaiinamisha. Yakatoka maji. Matone. Moja, mawili, matatu, yanadondoka kwenye kiganja changu. Mama amesimama pembeni ameshika kiuno. Mvua ilikuwa inaingia kwenye kiungo, inateremka ndani ya kebo kama kwenye mrija, ikielekea nyuma ya TV. Vile ving'amuzi vitatu havikuwa na kosa lolote.

Tulichofanya ni hiki. Bomba la chuma la futi 20, likasimikwa ukutani kwa klampu mbili. Tuliliweka hatua nne mbali na pale ulipokuwa mrunda, ili mgrevilea ubaki pembeni. Kebo mpya, kipande kimoja bila kiungo. Kabla haijaingia dirishani nikaiacha ining'inie kitanzi, ili maji yadondoke chini ya kitanzi yasifuate kebo ndani. Busta zote mbili nikaziweka mezani. Nikawasha. Ubora wa mawimbi kwenye king'amuzi ukasoma 78. Mama akaenda stoo, akarudi na gunia, ndani yake ving'amuzi viwili vya mwanzo vimefungwa kwenye kanga. Nikavijaribu mbele yake. Vyote vikaonyesha. Hakucheka wala hakunishukuru mara moja. Alikaa kwenye kigoda akavitazama muda mrefu.

Ndiyo maana nikiona kijana wa duka anamwambia mteja "chukua na busta" bila kumwuliza anaishi wapi, naumia.

Sasa sikilizeni habari ya busta, maana najua kuna mtu hapa anasema, "Lakini fundi, yangu ilisaidia." Inawezekana. Sikatai. Ila elewa inafanya nini. Ingia kwenye orodha ya king'amuzi chako, sehemu ya mawimbi. Utakuta mistari miwili: nguvu na ubora. Busta inapandisha nguvu. Ubora haiumbi. Mtu ananong'ona katikati ya soko la Mbuyuni, wewe unamletea spika. Utamsikia kwa sauti kubwa, na soko zima kwa sauti kubwa vilevile. Antena iliyoinuka na kuelekea sawasawa ndiyo inayomtoa yule mtu sokoni. Basi ukirekebisha, usishangilie nguvu 95. Soma ubora.

Busta ina mahali pake: juu, jirani na antena, si nyuma ya TV. Kwa nini juu? Kwa sababu kebo inakula. Kebo nzuri ya RG6, ile nene kidogo, kwenye masafa ya TV za dijitali, mita 30 tu inafikisha chini kama robo ya nguvu iliyoingia juu. Robo! Ile nyembamba mnayouziwa kwa bei ya kutupa inafikisha pungufu ya hapo. Ukikuza juu, unakuza kabla ya hasara. Ukikuza chini, unakuza makombo. Na ukiwa unaishi chini ya mnara, busta inakuharibia kabisa: mawimbi yanakuwa makali mno, king'amuzi kinazidiwa, picha inaganda ileile, nawe unadhani bado hayatoshi, unaongeza nyingine.

Jambo jingine linalonichosha ni "antena ya dijitali". Mteja anaingia dukani: "Fundi, hii ni ya dijitali?" Hakuna antena ya dijitali. Antena ni chuma. Haijui mawimbi yamebeba nini. Inachojua ni urefu wake. Chukua 300, gawanya kwa masafa kwa megahezi, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Megahezi 500, wimbi ni sentimita 60, nusu yake 30. Ndiyo maana chuma kinachofungwa kebo kwenye antena ya sasa kinakaribia urefu wa rula ya mwanafunzi. Ule mtambo wa vyuma virefu uliobaki juu ya paa tangu enzi za analojia ulikatwa kwa masafa ya chini, VHF, na matangazo ya dijitali tunayopokea hapa yako UHF, masafa ya juu zaidi. Bomba lake ni zuri, litumie. Antena yenyewe ishushe.

Na hiki kidude cha ndani, cha kubandika ukutani? Mnaishi chini ya bati. Madirisha yana nondo. Kitapata nini humo ndani? Kama mnara unauona kwa macho kutoka dirishani, jaribu. Vinginevyo toka nje.

Kijana mmoja wakati naingia ameniambia, mzee, siku hizi watu wanaangalia kwenye simu. Nakubali wanaangalia. Bando la nani? Bibi yako wa Uru atakaa anunue bando ili asikilize taarifa ya habari na vifo? Mawimbi yanapita juu ya paa lake usiku na mchana, yameshalipiwa. Tena siku mtandao wa simu ukianguka, redio ya betri ndiyo itakayomwambia barabara imekatika wapi. Mimi si adui wa simu. Nasema tu nyumba isiyo na antena nzuri imejinyima kitu kilichokwisha kufika mlangoni.

Lingine ni mlima wetu. Mawimbi haya ya TV na FM huenda kama macho yaonavyo, mnyoofu. Kilimanjaro ina mita 5,895. Hayapiti katikati yake. Mtu wa Rombo ana bega la mlima kati yake na mtambo wa mjini, kama watu wa Ngarenanyuki walivyo nyuma ya Meru ukihesabu kutoka Arusha mjini. Hao watafute mnara mwingine wanaouona wao, wasigombane na wa huku. Kibosho, Uru na Machame shida ni mabonde: aliye mgongoni anapata, aliye korongoni kando ya mto hapati, na nyumba zao zinaonana. Wa korongoni akienda juu kidogo kihambani, hata mita 40, akasimika bomba huko na kuvuta kebo nzuri, anapata. Hapo ndipo busta ya juu inapostahili. Wa TPC, kwenye mashamba ya miwa, na wa Boma Ng'ombe, ninyi mko tambarare. Mkikosa picha tazameni kebo kwanza.

Migomba jamani. Jani la mgomba ni maji, na mawimbi ya UHF yanamezwa na maji. Unafunga antena mwezi wa tisa migomba imekonda, mwezi wa nne imenenepa na kupita paa, umeingia gizani. Sisemi mkate migomba. Mimi pia ni Mchaga. Nasema bomba liwe refu kuliko mgomba utakavyokuwa, si kuliko ulivyo leo.

Redio nilitaka kuipa nusu saa, nayo imebakiwa na dakika chache. Baba yangu alikuwa na redio ya mbao, waya wa shaba unatoka dirishani mpaka kwenye mti, na kwa waya ule tulisikia Radio Tanzania Dar es Salaam kama vile mtangazaji yuko sebuleni. FM inaanzia 87.5 mpaka megahezi 108. Chukueni waya wa kawaida, vipande viwili vya sentimita 73 kila kimoja, vinyooshwe kwa mstari mmoja, katikati fungeni kebo: waya wa ndani kipande hiki, wavu wa nje kipande kile. Inueni juu ya paa. Jaribuni kulaza, jaribuni kusimamisha, acheni panaposikika vizuri. Gharama yake haifiki ya kuku. Kwa masafa ya kati, yaani AM, ni tofauti: antena imo ndani ya redio, fimbo nyeusi iliyozungushiwa waya, hivyo mzee anayegeuza redio yote mezani anafanya sahihi, msimcheke. Na redio ikikoroma, kabla hujaipeleka kwa fundi zima taa za LED moja moja, chomoa chaja moja moja. Utashangaa mwizi ni nani.

Nimeonyeshwa saa. Madishi nayaacha. Splita, kile kigawanyi cha kebo, nayo naiacha, ila mjue kila ukigawa kwa TV mbili umegawa nusu kwa nusu, na splita nyingi hazipitishi umeme unaopanda kwa kebo kwenda busta ya juu.

Radi siiachi. Bomba la chuma juu ya paa lifungwe ethi: waya mnene wa shaba, njia fupi, mpaka kwenye fimbo iliyozama ardhini. Hiyo inapunguza hatari, haiifuti. Wingu likianza kuunguruma, chomoa kebo ya antena na waya wa umeme, vyote viwili, na usipande paani hata kama ni fainali. Kabla ya kusimika pima kwa macho: likianguka upande wowote, lisifikie nyaya za umeme. Kama linafikia, hapo si mahali pake. Msimamishe bomba mkiwa wawili au watatu, mtu asilisimamishe peke yake.

Sasa tokeni nje kabla mvua haijateremka. Nimekuja na bomba, antena, betri ya pikipiki na TV ndogo ya volti 12. Wewe wa shati la bluu, shika bomba, uzungushe polepole, kidogo kidogo, kisha usubiri, maana king'amuzi kinachelewa kusoma. Mama, kaa na rimoti hapo kwenye benchi, usome ubora kwa sauti. Ukipita 60, piga kelele.