Bibu ya Tangi

ZUHURA: Karibuni tena, wasikilizaji. Leo tulipanga kupitia hatua zote za kuosha pikipiki, lakini mwenzangu ameingia studio akiwa amekunja uso, nami namjua: tusipomwacha aseme kwanza, hatutasonga.

IDRISA: Ahsante, dada Zuhura. Juzi, muda mfupi baada ya kuipaka pikipiki yangu nta, nilikwenda kujaza mafuta. Mhudumu alipochomoa mdomo wa pampu aliupitisha juu ya tangi huku ukichuruzika, kisha, kwa nia njema kabisa, akatoa kitambaa mfukoni na kuyasugua yale matone kwa nguvu. Petroli ingeondoa nta tu. Vumbi la kitambaa kile ndilo lililoacha mikwaruzo inayoonekana kila jua linapoipiga.

ZUHURA: Watu wengi huilaumu petroli kwa kosa la kitambaa. Rangi ya kiwandani iliyokauka vizuri huvumilia tone linaloondolewa papo hapo. Tone likiachwa, sehemu yake nyepesi hupaa na viambato vizito hubaki, ndivyo vinavyoacha doa la manjano, hasa kwenye tangi jeupe. Rangi iliyopuliziwa kutoka kwenye kopo ni jambo jingine, kwani inaweza kulainika na hata kuvimba.

IDRISA: Ndiyo maana sasa naivalisha bibu.

ZUHURA: Unaivalisha nini?

IDRISA: Bibu, kama ya mtoto. Ni kitambaa kinene cha pamba, kisafi, chenye tundu katikati linalozunguka mdomo wa tangi, ili tone likidondoka linywewe kabla ya kugusa rangi.

ZUHURA: Na ukishailisha, utaibeba begani icheue?

IDRISA: Ukiijaza hadi shingoni, itacheua yenyewe! Petroli huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 1 kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Tangi la lita 15 lililojazwa mafuta baridi, kisha likaachwa juani hadi joto lake likapanda nyuzi 20, linahitaji nafasi ya takriban lita 0.3. Nafasi hiyo isipokuwepo, mafuta hutafuta njia ya kutokea, na hapo bibu uliyokwisha kuivua haisaidii kitu.

ZUHURA: Umenisemea hoja yangu. Ukijaza hadi chini ya shingo ya tangi na kuishia hapo, ukasubiri matone ya mwisho yaingie ndani, kisha ukauchomoa mdomo wa pampu huku umeuelekeza juu, bibu ni ya kazi gani? Zaidi ya hapo, kitambaa kilicholowa petroli huishikilia juu ya rangi muda mrefu kuliko tone lililo wazi, na chembe ya vumbi iliyonaswa chini yake hukwaruza kila unapokisogeza.

IDRISA: Sikiachi hapo kiloe, nakiondoa mara moja. Nawe hujataja ukingo wa stika, ambako petroli hupenya na kulegeza gundi. Tone likishafika huko, huwezi kulifuta.

ZUHURA: Kisha hicho kitambaa kilicholowa unakihifadhi wapi? Chini ya kiti, karibu na bomba la moshi lenye moto?

IDRISA: Hapana, nakianika kwenye hewa wazi, mbali na moto. Wewe unategemea mkono usiotetemeka, na mara nyingi mkono huo si wako, ni wa mhudumu.

ZUHURA: Basi muombe mhudumu akuachie ujaze mwenyewe, kama kituo kinaruhusu. Tena isimamishe pikipiki wima, kwa sababu ikiegemea stendi ya pembeni usawa wa mafuta hudanganya macho. Bibu siitaki.

IDRISA: Nami siivui.

ZUHURA: Na bibu itafuliwa na nani?

IDRISA: Sasa unakwepa, dada. Tone likishadondoka, utafanyaje?

ZUHURA: Nafunga kifuniko kwanza, kisha nalikandamiza kwa kitambaa safi chenye unyevu bila kusugua. Nikifika nyumbani, naosha sehemu hiyo kwa maji na shampuu ya magari, halafu naipaka nta upya. Sabuni ya vyombo situmii, kwa kuwa inaweza kuondoa hata nta iliyosalia.

IDRISA: Fundi mitambo ananyoosha kidole, tumebakiwa na dakika moja.

ZUHURA: Na hatujaimwagia pikipiki hata ndoo moja! Basi nitaje la usalama tu: nta na king'arishio visiguse diski za breki, tairi wala kiti, na injini ipoe kabla ya kumwagiwa maji. Cheni, mashine ya maji ya shinikizo na rangi isiyong'aa, ambayo haipakwi nta ya kawaida, tutazipangia siku nyingine.

IDRISA: Siku hiyo nitakuja na bibu yenyewe, mezani.

ZUHURA: Iwe imefuliwa. Kwaherini, wasikilizaji.