Muulize Atainunua Tena kwa Bei Gani
Mhadhara kwa wapenda sarafu, Tabora

Mwangaluka, wazee wangu. Shikamooni. Walimu, na vijana mliosimama pale dirishani, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kumpata muuzaji wa sarafu za kigeni anayeaminika, na namna ya kuijua bei ya haki. Nimefurahi kuombwa hilo hapa Tabora, maana mji huu wenyewe uliwahi kupiga sarafu. Mwaka 1916 Wajerumani walikuwa wamezibiwa bahari na manowari za Waingereza, fedha kutoka kwao haziji, na askari wanataka mishahara. Wakazipiga hapahapa, kwenye karakana ya reli. Walipiga heller 5 na heller 20, yaani vijisenti vya rupia yao, na rupia 15 ya dhahabu yenye tembo, mlima ukionekana nyuma yake. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakaingia mjini, kazi ikaishia hapo.

Sasa sikilizeni. Rupia 15 za dhahabu zilipigwa 16,198 tu. Heller 20 zilipigwa zaidi ya milioni moja. Mji mmoja, mwaka mmoja, lakini tai wa Kaiser, mfalme wa Wajerumani, aliye kwenye ile ya dhahabu ndiye watu wanayemtaja hata wakiuza ile ya shaba. Anakuja mtu na heller 20 iliyolika hadi maandishi yamefutika, anakwambia, "Hii ya Mjerumani, ina zaidi ya miaka mia, nipe milioni." Umri pekee haupangi bei. Bei inapangwa na uchache wake, hali yake, na watu wangapi wanaitaka. Ushahidi ni ile riale ya Maria Theresa, malkia wa Austria, iliyozunguka pwani na bara yetu. Imeandikwa 1780, lakini Vienna wameendelea kuipiga kwa mwaka uleule hata baada ya malkia mwenyewe kufa. Nyingi zilizopo zina thamani inayozidi kidogo tu ile ya fedha iliyomo: uzito wa gramu 28 na nukta kidogo, fedha sehemu 833 kwa elfu.

Na tuimalize hii ya rupia inayovuta sindano, ile watu wanayodai ni rupia ya Mjerumani inayovuta sindano kama sumaku na kwamba ina bei ya ajabu, maana najua kuna waliokuja kwa ajili yake. Rupia ya Mjerumani ni fedha, gramu 11.66, sehemu 917 kwa elfu. Fedha haivuti sindano wala sumaku haiivuti fedha. Ukioneshwa inayovuta, basi ama ni chuma kilichotiwa sumaku na kupakwa rangi ya fedha, ama mna sumaku ndani. Anayekwambia kuna tajiri Dar es Salaam anainunua kwa mabilioni, ila kwanza uchange pesa ya "kipimo", huyo hauzi sarafu. Anakuuza wewe.

Turudi kwa muuzaji halisi. Mimi swali langu la kwanza kwake haliwi bei. Namuuliza: nikikuletea sarafu hiihii mwezi ujao, wewe utainunua kwa ngapi? Muuzaji wa kweli anajibu bila kubabaika. Atakwambia, nakuuzia laki moja, nitainunua sitini au sabini, kwa sababu nami nalipa pango na nasubiri mteja. Hiyo ni biashara, haina ubaya. Anayeanza kuzungukazunguka, au anayesema "hii haishuki bei kamwe" halafu mwenyewe hataki kuinunua tena hata kwa nusu, amekwisha kukujibu. Muuzaji mzuri pia anakutajia kasoro kabla hujaziona: hapa paliwahi kutobolewa, wakaziba, hii imesuguliwa. Anakuandikia risiti yenye jina la sarafu, mwaka na uzito, na anakupa siku za kuirudisha ikithibitika ni bandia.

Bei mtaitafuta wapi? Kuna katalogi ya Numista kwenye intaneti, bure, ina picha na uzito wa sarafu nyingi. Halafu angalieni minada, lakini angalieni bei zilizolipwa, siyo zilizoombwa. Kuomba kila mtu anaomba. Hata mimi naweza kuiombea heller yangu bei ya ng'ombe. Bei ya mnada nayo ina ada ya mnunuzi juu yake, mara nyingi asilimia 15 hadi 25, na bado usafirishaji na ushuru. Pigeni hesabu yote kabla ya kusema ni rahisi.

Kwa wauzaji wa ng'ambo, wapo walio wanachama wa IAPN, chama cha kimataifa cha wauzaji wa sarafu kilichoundwa Geneva mwaka 1951, ambao hudhamini uhalisi wa wanachouza. Zipo pia kampuni za Marekani, NGC na PCGS, zinazokagua uhalisi na hali ya sarafu na kuifungia kwenye kasha lenye namba. Namba hiyo itafuteni kwenye tovuti yao, mlinganishe na picha, kwa sababu hata makasha yanaghushiwa. Na muuzaji msiyemjua akisisitiza mumtumie hela kwa njia isiyorudi, tena leo hii kabla ya saa kumi, mwacheni auzie wengine.

Hapa nyumbani, rafiki wa mkusanyaji ni sonara. Mizani yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Rupia 15 ya Tabora halisi ina gramu 7.17, ikipungua au kuzidi kwa nusu gramu, rudisheni mfukoni pesa zenu.

Ombi moja kwa wenye sarafu za mababu: msizisugue kwa majivu na ndimu. Najua zinapendeza ziking'aa, mama zetu walitufunza hivyo kwa sufuria. Mkusanyaji akiona mikwaruzo ile anakata bei palepale, wakati mwingine nusu. Futeni vumbi kwa kitambaa laini, mziweke kwenye karatasi kavu, moja moja.

Mizani ninayo hapa mezani. Mliokuja na sarafu pangeni foleni baada ya maswali; na tuanze na mzee pale nyuma, aliyenyoosha mkono tangu nilipotaja sindano.