Isome Namba Yote Kabla ya Kununua Prosesa

Ndugu wasikilizaji, wanunuzi wengi husoma "Core i7" wakaishia hapo. Core i7-7500U ya Intel ina viini 2 (sehemu zinazofanya kazi) na nyuzi 4 (kazi zinazobebwa kwa wakati mmoja). Core i5-8250U, iliyotoka mwaka mmoja baadaye, 2017, ina viini 4 na nyuzi 8. Tena imo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa rasmi na Windows 11, ile i7 haimo. Kwa hiyo andikeni namba yote, hadi herufi ya mwisho. Kwenye Windows mtaiona ndani ya Task Manager. Kwenye Linux, amri ni lscpu.

Namba za AMD zinataka jicho kali zaidi. Chukueni Ryzen 5 7520U. Ile 7 ya mwanzo humfanya mtu aione mpya kabisa, lakini katika kompyuta mpakato za mfululizo huu inayotaja usanifu, yaani muundo wa ndani wa prosesa, ni tarakimu ya tatu. Hapa ni 2, yaani Zen 2, usanifu wa 2019. Ryzen 5 7640U ina 4: hiyo ni Zen 4. Jina moja, Ryzen 5, na kati yake vizazi viwili!

Mkishaipata namba, nendeni kwa mtengenezaji mwenyewe: Intel wana ARK, orodha yao ya vipimo mtandaoni, AMD wana kurasa zao za vipimo. Someni wati zote mbili. Core i5-13400 imeandikwa wati 65, ila ikipandisha kasi hufika 148. Feni ikishindwa kuliondoa joto hilo, prosesa hujipunguzia kasi.

Halafu linganisheni majaribio ya kasi. Alama ya uzi mmoja huwafaa wa hesabu na kuvinjari. Alama ya nyuzi zote, wanaohariri video. Cinebench R23, programu ya kupima kasi, kwa kawaida huendeshwa dakika 10, hivyo hufichua mashine inayochoka kwa joto. Prosesa ileile kwenye maumbo mawili ya mpakato hutoa alama tofauti, basi tafuteni jaribio la modeli mnayoitaka hasa.

Kwa kompyuta ya mezani, angalieni soketi, yaani tundu la prosesa kwenye bodi mama. AM5 ya AMD haipokei RAM ya DDR4. LGA1700 ya Intel ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5, na bodi ya zamani huenda isiwake na prosesa ya kizazi cha 13 mpaka BIOS, programu ya kuwashia iliyomo kwenye bodi, isasishwe. Na ile F ya Core i5-12400F maana yake haina grafiki ndani: bila kadi ya grafiki, skrini itabaki nyeusi hata kila kifaa kikiwa kizima.