Kwa Nini Barafu Haipati Moto: Mhadhara Kuhusu Nishati ya Maikrowevu

Mabibi na mabwana, nianze na kosa linalorudiwa sana. Husemwa kwamba jiko la maikrowevu hutumia gigahezi 2.45, yaani mizunguko bilioni 2.45 kwa sekunde, kwa kuwa hapo ndipo molekuli ya maji hutikisika kwa asili yake. Si kweli. Maji hufyonza mawimbi haya vizuri zaidi kwenye masafa ya juu, karibu gigahezi 20. Lakini tungepikia huko, joto lingeishia juujuu tu. Kwa 2.45, wimbi huzama sentimita moja mbili hivi.

Molekuli ya maji ina upande chanya na upande hasi. Uga wa umeme wa wimbi hubadili mwelekeo karibu mara bilioni tano kwa sekunde. Molekuli huufuata, huchelewa kidogo, huwagonga majirani, na joto huzaliwa humo. Sasa tazameni barafu. Molekuli zake zimefungwa kwenye fuwele, hazigeuki, basi wimbi hupita karibu lote. Likishayeyuka tone la kwanza, hilo ndilo linalonyakua nishati. Ndiyo maana nyama iliyoganda huiva pembezoni huku katikati bado ni barafu tupu, na ndiyo maana ukichagua kuyeyusha, jiko hujiwasha na kujizima: joto lipate muda wa kusambaa.

Mawimbi hutoka kwenye magnetroni, kifaa cha jikoni humo kinachogeuza umeme kuwa maikrowevu. Ile yenye nguvu iliundwa na John Randall na Harry Boot kule Birmingham mwaka 1940, kwa ajili ya rada za vita. Kisa cha Percy Spencer, mhandisi aliyebuni jiko hili baada ya chokoleti kumyeyukia mfukoni karibu na magnetroni mwaka 1945, mmeshakisikia, tusonge.

Huwa naulizwa: Wi-Fi nayo iko kwenye gigahezi 2.4, mbona haitupiki? Jibu ni uwezo. Jiko humwaga wati 700 hadi 1,000 ndani ya sanduku la chuma. Wi-Fi hutoa kama sehemu ya kumi ya wati, tena ikitawanyika chumba kizima. Wala fotoni ya maikrowevu, yaani chembe moja ya nishati yake, haina nguvu ya kuvunja DNA kama eksirei. Inachoweza ni kuunguza, nalo si jambo la mzaha: mlango ukipinda, usiwashe. Wavu wa mlangoni una matundu ya milimita moja hivi. Mwanga hupenya, wimbi la sentimita 12 halipenyi.

Madaktari huutumia uunguzaji huohuo: antena nyembamba huchomekwa ndani ya uvimbe wa ini na kuuchoma papo hapo.

Ila kwangu mimi, kazi kubwa kuliko zote ni saa. Tangu 1967, sekunde ni mizunguko 9,192,631,770 ya maikrowevu ya atomu ya siziamu. Satelaiti za GPS hubeba saa za atomu, na lazima zibebe: mwanga husafiri sentimita 30 kwa nanosekunde moja, hivyo saa ikipotoka nanosekunde 10, umbali unaopimwa hukosewa kwa mita tatu.

Haya, karibuni maswali.