Ndege za Kwanza Rufiji na Mafia

Assalaam alaykum, wazee wangu, walimu, na ninyi vijana mliokaa huko nyuma.

Vita vya mto wetu wa Rufiji vya 1915 husimuliwa siku zote kama habari ya meli. Naomba leo tuvisikilize kama habari ya ndege, maana pasipo ndege Waingereza wasingeweza kuipiga ile Königsberg.

Septemba 20, 1914 manowari hiyo ya Kijerumani iliizamisha Pegasus, meli ya kivita ya Waingereza, bandarini Unguja, kisha ikarudi kujificha huku deltani. Mnaijua wenyewe mikoko ya Simba Uranga na Kikunya: ukiwa baharini huoni kitu zaidi ya majani. Ilibidi mtu aangalie kutoka juu.

Aliyeajiriwa kwanza ni Cutler, rubani raia kutoka Durban, aliyekuja na ndege ya kutua majini. Kituo chake kilikuwa kisiwa cha Nyororo. Joto liliishinda rejeta ya ndege, ikabidi ipatikane nyingine ya gari la Ford kutoka Mombasa! Kwa chombo hicho akaiona meli mtoni mwezi Novemba. Desemba 10 injini ilimwangusha, Wajerumani wakamkamata.

Mwaka uliofuata zililetwa ndege za jeshi, nazo pwani yetu ikazitesa. Zilikuwa za mbao na kitambaa. Gundi ililegea kwa joto na unyevu, viungo vikaachana, na injini zikakosa nguvu ya kuzinyanyua kutoka majini. Iliyofanikiwa kuruka ilipita chini mno, risasi za askari zikaifikia. Kwangu mimi hapa ndipo penye kiini cha habari yote: kilichotatua tatizo ni ardhi ya Mafia. Kiwanja kikatengenezwa kisiwani, na mwezi Juni zikaja ndege za magurudumu, Henri Farman na Caudron, ambazo hazikubeba uzito wa maboya ya kuelea.

Julai 6 meli mbili za mizinga za Waingereza, Severn na Mersey, ziliingia mtoni zikashindwa. Zikarudi Julai 11. Wapiga mizinga hawakuiona Königsberg hata kidogo. Walimtegemea Arnold, aliyekaa ndegeni na rubani Cull, akiwapelekea kwa simu ya upepo alama za kila kombora lilipoangukia: mbele, nyuma, kushoto. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Huku wakishuka, Arnold hakuacha kutuma masahihisho, na makombora yakaendelea kuipata meli. Walianguka mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa wote wawili. Siku hiyohiyo Wajerumani wakailipua meli yao wenyewe, ingawa baadaye waliiopoa mizinga yake yote 10 wakaendelea kupigana nayo nchi kavu.

Vitabu vimetunza majina ya marubani. Walioishi chini ya ndege hizo, waliozisikia zikinguruma juu ya mashamba ya mpunga, ni babu na bibi zetu. Kwa hiyo sasa nanyamaza. Mzee yeyote aliyesimuliwa jambo na wakubwa wake, tafadhali apewe kipaza sauti, na vijana muandike.