Porutham: Watamil Wanavyopatanisha Nyota za Wachumba

Mabibi na mabwana, karibuni.

Mtu wa pwani akisema "nyota zao zimeendana", mara nyingi ana maana kwamba wawili wamependana, basi. Kwa Mtamil wa Chennai au Madurai huko India Kusini, au wa Jaffna, Sri Lanka, anayefuata mila, hiyo ni hesabu, na hufanywa kabla wachumba hawajaonana.

Kinachohesabiwa ni mwezi. Njia yake angani imegawanywa vituo 27, kila kimoja nyuzi 13 na dakika 20 (za nyuzi, si za saa). Kituo ulimokuwa mwezi mtoto alipozaliwa ndiyo nyota yake. Waliosoma falaki watakumbuka manazili 28. Hesabu hizo ni jamaa, ila msizichanganye.

Hati za wachumba, yaani hesabu ya nyota zao za kuzaliwa, hulinganishwa kwa vigezo kumi, ndizo porutham. Chukueni msichana wa Swathi, nyota ya 15, na mvulana wa Astham, nyota ya 13. Kigezo cha dinam: hesabu kuanzia nyota ya msichana, nayo ikiwemo, hadi ya mvulana. Kutoka 15 hadi 27 ni nyota 13, ongeza 13 za mwanzo, jumla 26. Gawanya kwa 9, inabaki 8. Baki ya 2, 4, 6, 8 au 0 hupita. Ukianzia kwa mvulana, umekosea tangu mwanzo.

Ganam, yaani tabia: wote wawili ni deva, wa tabia ya kimungu. Yoni, mnyama wa nyota: wote nyati. Stree deergham hutaka hesabu ile ile ya kutoka nyota ya msichana izidi 13. Hapa ni 26. Hadi hapa mama wa binti angeshaanza kuulizia ukumbi.

Ndipo inakuja rajju. Nyota zote zimegawanywa katika viungo vitano: mguu, paja, tumbo, shingo na kichwa. Sharti ni moja: wachumba wasiangukie kiungo kimoja. Swathi na Astham zote ni za shingo, na shingo husomwa kuwa hatari kwa uhai wa mke. Posa nyingi hufia hapo, hata vigezo vingine vikipita. Wako wanajimu wanaolegeza, kwa kuwa Astham iko upande wa kupanda, kutoka mguuni kwenda kichwani, na Swathi upande wa kushuka, lakini wazazi waoga hawasikii hilo. Kosa la kawaida ni kujumlisha: "saba kati ya kumi, tumefaulu." Kujumlisha ni desturi ya India Kaskazini, kwenye alama 36 ambako 18 hutosha. Kitamil, rajju haifidiwi na alama za jirani yake.

Baada ya porutham hutazamwa Mirihi. Anga hugawanywa nyumba 12; Mirihi ikikaa nyumba ya 2, 4, 7, 8 au 12 kutoka buruji iliyokuwa ikichomoza wakati wa kuzaliwa, huitwa sevvai dosham, kasoro ya Mirihi. Hizo ni nyumba 5 kati ya 12, kwa hiyo wenye dosham si wachache hata kidogo. Wakiwa nayo wote wawili, huhesabiwa kuwa imefutana. Mirihi ikiwa kwenye buruji ya Hamali, Akarabu au Jadi, wengi huisamehe.

Hapo ndipo saa ya kuzaliwa inapoleta kesi. Buruji inayochomoza hubadilika kila saa mbili hivi, na kosa la nusu saa laweza kuihamisha Mirihi nyumba. Hati za zamani huhesabu nazhigai, vipande 60 vya dakika 24, tangu macheo, kama sisi tunavyohesabu saa zetu toka asubuhi. Anayezinakili kwa haraka huzisoma kana kwamba zimeanza usiku wa manane. Tena kuna kalenda mbili, Vakkiya ya kanuni za kale na Thirukanitha iliyosahihishwa kwa vipimo vya anga. Aliyezaliwa mwezi ukikaribia mpaka wa vituo anaweza kupewa nyota mbili tofauti. Hati moja ikitoka Vakkiya na nyingine Thirukanitha, zipigwe upya zote kwa kalenda moja.

Wasiojua saa ya kuzaliwa huenda hekaluni. Maua mekundu na meupe hufungwa kwenye vijifurushi vinavyofanana, wazee wanakubaliana kwanza rangi ipi ni ndiyo, kisha mtoto mdogo anaokota kimoja.