Fundi Mwenye Koleo

Karibuni mkae. Nyie mliosimama mlangoni, viti viko huku mbele, na mbele hapang'ati.

Nimeombwa nizungumzie gari dogo la spoti la kutumia kila siku, na shokapu za kulifungia. Wanaonifahamu wameshaanza kucheka, maana wanajua nitaishia kwa fundi. Ni kweli. Lakini tuanze na gari, haraka haraka.

Kwa mtu wa hapa Arusha anayelala Moshono na kufanya kazi Kisongo, anayekula vumbi na lami siku hiyo hiyo, mimi nasema Vitz RS au Swift Sport. Ile Vitz RS iliyotoka 2005 ina injini ya 1NZ-FE, cc 1,500, tumbo moja na ya IST nyingi mnazopanda kila siku, kwa hiyo spea za injini hutazitafuta kwa tochi. Swift Sport ya miaka hiyo hiyo ni cc 1,600, nguvu farasi 125, na kwenye kona inakushukuru. Zote mbili nyuma zina boriti moja yenye bushi mbili, zile raba za kwenye maungio, basi. Golf GTI ya kizazi cha tano ina turbo na farasi 200, inakwenda, sibishi. Ila lala chini uchungulie nyuma: kila gurudumu limeshikwa na mikono minne ya chuma, na kila mkono una bushi zake. Barabara ya vumbi itazihesabu zote kabla yako.

Namwona kijana pale anataka kusema, "Mzee, si tununue IST tu tupumzike?" Nunua, baba, nani kakukataza? Kikao hiki ni cha wasiotaka kupumzika.

Haya, shokapu. Nilikuwa na Vitz RS. Nikajibana, nikanunua shokapu mbili mpya za mbele za KYB, zile watu wanaita Kayaba, halisi, na risiti yake. Nikapeleka gereji moja hapa mjini, siitaji. Fundi akanipa stuli, nikaagiza chai. Kabla sijamaliza kikombe gari liko chini, tayari. Nikamsifu! Nikaongeza na ya soda.

Mwezi wa pili nakwenda Moshi. Kile kipande cha Usa River mnakijua, rasta, tuta, rasta tena. Gari likivuka tuta, pua inaendelea kuinama na kuinuka, inama, inuka, kama mama mkwe anayesinzia ibadani. Nikasimama pembeni, nikaingiza mkono nyuma ya tairi, nikasukuma juu ule mpira wa kuzuia vumbi. Vidole vikatoka na oili iliyochanganyika na vumbi, nzito kama uji wa ulezi. Nikafuta ile fimbo ya shokapu inayong'aa kwa kitambaa. Pale juu kuna mistari mitano, imepangana kama imechorwa kwa rula. Nikapitisha ukucha, ukakwama.

Meno ya koleo, ndugu zangu!

Ukikaza nati ya juu, fimbo nayo inataka kuzunguka. Aliyeitengeneza hakuwa mjinga, kaweka mahali pa kuishikia kule kule kwenye ncha. Unashika pale, nati unaikaza kwa spana ya ringi. Inachukua dakika chache zaidi. Fundi wangu hakuwa nazo, akaibana fimbo kwa koleo chini ya nati. Basi kila gari likibonyea sana, pale penye meno panazama ndani ya sili inayozuia oili, na sili ni mpira. Ni kama kupitisha msumeno kwenye ndala. Lazima ivuje.

Nikamrudia. Akaitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni: "Mzee, spea za siku hizi feki." Feki zipo, tena nyingi. Lakini feki haijiumi yenyewe!

Mtasema namwonea fundi, wengine ndugu zao ni mafundi. Wangu pia. Fundi mzuri nampa hela yake na ya juu. Ninachosema ni hiki: usinywe chai. Simama pale, ukiona koleo linasogea kwenye fimbo, piga kelele.

Na angalia jambo la pili, baya zaidi kwa sababu halionekani. Bushi ya mkono wa chini haizunguki kama beringi. Mpira wake umegandishwa kwenye chuma ndani na nje, unajisokota tu. Ukiikaza gurudumu likining'inia kwenye jeki, siku nzima gari likisimama chini mpira umesokotwa, hata ukiwa umeegesha unakula chakula. Utachanika mapema, halafu utasikia "kong, kong" kila ukikanyaga breki. Fungua, funga, kaza kwa mkono tu, shusha gari, litikise, ndipo ukaze kabisa likiwa limebeba uzito wake.

Naoneshwa saa. Haya, yaliyobaki nakimbia. Ukitaka gumu kuliko Kayaba za kawaida na hela ipo, chukua shokapu za Bilstein B6, na springi zako za kiwandani zibaki. B8 imefupishwa, ni ya walioshusha gari, usichanganye. Kushusha gari Arusha? Matuta ya mtaani kwenu mnayajua, mimi sisemi. Koilova, zile shokapu zilizovikwa springi, zina uzi wa kupandishia na kushushia gari, na matope ya masika yakikaukia mle, siku ya kuzirekebisha utaleta nyundo. Badilisha mbili mbili, kushoto na kulia, pamoja na mipira ya vumbi na ya kugotea. Ukimaliza, alaimenti. Tairi nyembamba ya rimu kubwa, hiyo nilitaka niiseme kwa kirefu, lakini ndiyo hivyo.

Ile shokapu ninayo, iko kwenye buti la gari langu hapo nje. Asiyeamini aje apitishe ukucha.